KUMEZA TEMBE SI KUTIBIWA

Ndugu wafanyakazi wa Matungu,

Mkata miwa huenda kliniki akasema, "Kichwa kinaniuma." Hupewa tembe mbili na kuambiwa arudi kazini. Hakuulizwa neno, hakupimwa homa wala damu. Sisi twasema huko si kutibu. Ni kumrudisha mtu shambani upesi ili tani zisipungue.

Kichwa kuuma ni dalili, na dalili hiyo hutokana na mambo mengi.

Huenda ni malaria, maana sisi tunakaa katika nchi ya malaria, upande huu wa ziwa. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limesema: pima kwanza, ndipo utibu. Tone la damu ya kidole hutoa jibu kwa muda wa dakika 20 hivi. Ya nini basi kukisia?

Huenda ni jua na kiu. Dawa yake ni kivuli, maji na kupumzika. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Mwajiri anayenyima watu maji kisha akagawa tembe, anatibu ugonjwa alioufanya mwenyewe!

Huenda ni kipandauso, kinachogonga upande mmoja, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga. Huo ni ugonjwa. Nyapara asiuite uvivu.

Tena tembe zenyewe zina hatari. Mwenye kumeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi 3 na kupita, dawa hizo zaweza kumzidishia kichwa. Wapo wenzetu wanaozinunua dukani kila jioni ya kazi. Waelezwe.

Na ziko dalili zisizongoja kesho: kichwa kilichoanza ghafla kwa nguvu sana, homa pamoja na shingo kukakamaa, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, au kichwa kilichofuata pigo. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila mgonjwa aulizwe kichwa kilianza lini, kinauma wapi, na amemeza nini.
2. Apimwe homa na presha, na mwenye homa apimwe malaria kabla ya kupewa dawa yake. Presha mara nyingi haina dalili. Haijulikani ila kwa kupimwa.
3. Maji ya kunywa yafike shambani kila siku.
4. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari apate haki yake. Sheria hiyo hiyo yampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara.

Ndugu, ukipewa tembe bila kupimwa, uliza kwa adabu: "Umeona nina ugonjwa gani?" Akiuliza mmoja atafukuzwa mlangoni. Tukiuliza sote, watajibu.

Umoja ni nguvu.