Madaftari ya Watoto na Karatasi za Mshahara



Kwenye mikutano ya tawi sisi huzungumza mishahara, makato na likizo, na mambo ya shule tunawaachia walimu. Safari hii tumeona tuzungumze shule, kwa sababu jambo lenyewe limetujia kwa njia ya mshahara.

Januari 2025 mchango wa pensheni anaokatwa mfanyakazi hapa Rwanda ulipanda kutoka asilimia 3 hadi asilimia 6, na wa mwajiri vivyo hivyo. Siku ya malipo kelele zilikuwa nyingi kiwandani. Wengi walidhani wameibiwa. Mwenzetu mmoja, mpakiaji, alirudi na karatasi yake nyumbani Nyamirambo akamwonyesha binti yake wa darasa la sita. Mtoto alipiga hesabu mara moja: katika faranga 60,000, asilimia 3 ni 1,800 na asilimia 6 ni 3,600. Lakini baba alipomwuliza hiyo asilimia maana yake nini, mtoto alikwama. Neno alikuwa nalo kwa Kiingereza tu. Baba naye alijua pensheni ni kitu gani, asilimia hakuijua. Walikaa hadi usiku, kila mmoja akimpa mwenzake nusu aliyokuwa nayo.

Tangu tusikie habari hii, sisi wa kamati tumekuwa tukipitia madaftari ya watoto wetu. Si kidogo wanachofundishwa. Wana Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa, hesabu, sayansi pamoja na teknolojia, maarifa ya jamii na dini, sanaa na michezo. Mtihani wa kumaliza darasa la sita huchukua matano tu: hesabu, sayansi, maarifa ya jamii, Kiingereza na Kinyarwanda. Sanaa na michezo, mtihani ukikaribia, husukumwa pembeni, nasi wazazi tunafurahi. Tunakosea. Mikono ya mtoto nayo inahitaji shule.

Sisi tulioanza shule miaka ya 1980 tulikuta msingi ni miaka minane, kwa mageuzi ya 1979. Tulisoma kwa Kinyarwanda, na madarasa ya mwisho yalikuwa ya kilimo na ufundi. Wakati ule tulinung'unika kwamba hatukuja shule kushika jembe. Mwaka 1991 msingi ukarudi miaka sita. Ikaja 1994, na wengi wetu hatukurudi tena darasani. Kidogo tulichojifunza, tulikielewa; jioni tulimweleza mama naye akaelewa.

Watoto wetu lugha yao ya darasani imebadilika mara kwa mara. Mwaka 2008 serikali iliamua masomo yawe kwa Kiingereza, walimu wengi wakiwa wamesomea Kifaransa. Mwaka 2011 madarasa matatu ya kwanza yakarudishwa kwenye Kinyarwanda. Desemba 2019 ikatangazwa tena Kiingereza tangu darasa la kwanza. Hatukatai Kiingereza. Tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na anayetafuta kazi ghalani Masoro anajua lebo za makasha zimeandikwaje. Tunachosema ni kwamba mtoto wa miaka saba aelezwe kwanza jambo kwa lugha ya nyumbani, ndipo apewe jina lake la kigeni. Mtoto asiyeweza kumweleza mzazi wake somo, hilo somo amelikariri tu.

Jambo la pili. Maarifa ya jamii yanamfundisha mtoto wilaya yake, historia ya nchi, haki na wajibu. Ni vizuri. Lakini katika madaftari tuliyoyaona hatukukuta ukurasa mmoja juu ya mkataba wa kazi. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inasema kazi ya zaidi ya siku 90 mfululizo iwe na mkataba wa maandishi, na wako watu wazima viwandani na mashambani wasiolijua hilo. Kwa nini mtoto wa darasa la sita asilisome? Na mizani ya chai, kilo na faranga, je, hiyo si hesabu?

Nasi tujisemee wenyewe. Sheria hiyohiyo haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 16 kuajiriwa, isipokuwa kazi nyepesi za kujifunza. Hata hivyo majani yakizidi shambani, wapo wenzetu wanaomtoa mtoto darasani abebe kikapu, kisha wanamlaumu mwalimu kwa alama mbovu. Chakula cha mchana shuleni, serikali ilipanga Septemba 2022 kwamba mzazi wa msingi achange faranga 975 kwa muhula. Hizo tusiziache mpaka mtoto aaibishwe.

Mkutano wa tawi ujao tutaanza na jambo hili kabla ya makato. Wenye watoto wa darasa la tano na la sita waje na madaftari yao ya hesabu na ya maarifa ya jamii, na kila mtu aje na karatasi yake ya mshahara. Watoto wenyewe wakija, tutawapa viti vya mbele.