Mpagazi si punda: mlima mrefu unaua kwa mapafu

Kijana aliyenyimwa shamba lake anakubali kibarua chochote, hata kubeba mizigo ya watalii Ruwenzori, iwe upande wa Mutsora au wa Uganda. Basi tuseme wazi. Ule usemi kwamba mtoto wa Kivu amezoea milima ni uongo, na unawafaa wale wanaotaka kulipa siku chache.

Butembo yenyewe haifiki mita 2000. Kilele cha Margherita ni mita 5109! Kuanzia mita 2500, mtu akipanda mbio, maji yanaweza kujaa ndani ya mapafu, mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne. Ujana na nguvu havimkingi. Anakohoa kikavu, anahema hata akiwa ameketi, mwisho anatema povu lenye wekundu.

Hapo wengine watasema ni sumu. Sisi wa Mangina, tangu Ebola ya 2018, tukiona damu mdomoni tunaogopa, na haki yetu. Lakini aliyetoka mlimani jana, muganga aambiwe hivyo kwanza.

Na kiongozi anayesema «lala, kesho tutaendelea»? Hapana. Mgonjwa ashushwe usiku huohuo, bila mzigo, asiachwe peke yake, apewe oksijeni kama ipo. Juu ya mita 3000, kambi ya leo isizidi ya jana kwa zaidi ya mita 500. Akikataa, mwachieni mizigo yake palepale.