Mgonjwa Atokaye Shamba

Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo lipitalo katika nyumba nyingi za Kariakoo, na nyumba yetu ni moja katika hizo.

Mgonjwa wa shamba hupakiwa basi mpaka Mbagala, kisha huletwa kwetu mjini kwa kuwa jamaa wasema, "Dasalama ndiko kwenye matabibu." Hakupita zahanati ya kijijini wala hospitali ya wilaya. Basi hufika bila ya barua ya rufaa, na maradhi yamekwisha kukomaa. Nasi wa mjini, badala ya kumpeleka kesho yake asubuhi, humlaza ukumbini siku kumi tukiulizana nani atatoa fedha.

Shangazi yetu alitujia hivyo kutoka Kibiti. Alikuwa na kidonda kidogo cha unyayoni, wala hakimwumi. Twakiri mbele yenu kwamba sisi wenyewe ndio tuliomwandikia kombe, akanywa siku saba, nasi tukaridhika. Kombe si kosa. Kosa letu ni kuzihesabu siku saba zile kuwa ndiyo matibabu yote. Alipopimwa alionekana ana sukari, na mtu wa sukari huenda asisikie maumivu ya kidonda, kwani maradhi hayo huharibu mishipa ya fahamu. Kule kutokuuma, tulikokushukuru, ndiko kulikokuwa hatari. Alikatwa vidole vitatu.

Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kutafuta dawa, na alimwambia mtu amfunge ngamia wake kisha ndipo amtegemee Mungu. Hadithi hizo twawasomesha watoto wenu kila mwaka!

Tena tazameni: mtu akifa mtaani, fedha za sanda na za chakula cha wageni hupatikana kabla ya Alasiri. Za kumpima damu alipokuwa hai hazikupatikana. Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali ya wagonjwa wa mji huu, na jina lake likaja kupewa jengo la wodi Muhimbili. Hatumtaki kila mtu awe Sewa Haji. Walakini Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 huko shamba ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka mzima. Wangapi katika sisi tuliwalipia jamaa zetu? Mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Basi mwendapo shamba kwa Idi, ulizeni mchango wa kaya ni kiasi gani, mgawane ndugu kabla hajaugua mtu.

Shangazi amerejea Kibiti. Twampelekea fedha za dawa kila mwanzo wa mwezi, naye hupimwa sukari katika kituo cha afya kilicho njiani, alichokuwa akikipita siku zote akienda sokoni.