Migongo ya akina mama wa Kipsing

Kiangazi kikikaza, mto wa Kipsing, kaskazini mwa Kenya, hubaki mchanga mtupu, na akina mama huchimba visima humo, wakiteka kikombe kwa kikombe. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni zaidi ya kilo 20 mgongoni. Kiuno kikiuma, mara nyingi dawa ni vidonge vya dukani. Haitoshi. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Wafundishwe pia kukagua mgongo na magoti, wamtambue anayehitaji mtaalamu wa viungo kabla ganzi haijashuka miguuni. Kaunti ya Isiolo imlete mtaalamu huyo Kipsing siku ya kliniki ya watoto, maana mama yuko pale tayari. Na bomba la maji liletwe karibu na manyatta, ili mzigo wenyewe upungue.