Nyanza itangulie, Victoria lifuate

Agosti 1858, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, karibu na Mwanza ya leo, akalipa jina la malkia wake. Victoria alifariki mwaka 1901 bila kulitia machoni. Ziwa lenyewe halikuwa limekosa jina: Waganda waliliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, na kwa wengi wa kusini lilikuwa Nyanza. Speke alilijua hilo, ndiyo maana aliandika Victoria N'yanza. Miaka ilivyopita, ramani zikabakiza jina la malkia na kuliacha la wenyeji. Tanzania, Uganda na Kenya, zinazogawana ziwa hili, zinapaswa kukubaliana kurekebisha jambo hilo.

Linawezekana, kwa kuwa limeshafanyika jirani. Mwaka 1888 Samuel Teleki, msafiri kutoka Austria-Hungaria, alifika kwenye ziwa la jangwani kaskazini mwa Kenya akaliita Rudolf, kwa heshima ya mrithi wa kiti cha ufalme wa nchi yake. Ziwa dogo lililo Ethiopia akalipa jina la Stefanie, mke wa Rudolf. Mwaka 1975 serikali ya Jomo Kenyatta ililiita la kwanza Turkana, na la pili leo linajulikana kama Chew Bahir. Jina la Turkana limeshika mizizi kwa sababu ni la watu wanaovua na kuchunga kando ya maji hayo, wala halikuhitaji amri ya mara kwa mara ili litamkwe.

Tofauti na hayo ni yaliyotokea magharibi mwa Uganda. Idi Amin alilibadili Ziwa Edward, lililobeba jina la mwana wa Malkia Victoria, likawa Ziwa Idi Amin Dada, na Ziwa Albert, lenye jina la mume wa malkia, likapewa jina la Mobutu Sese Seko, mtawala wa Zaire. Watawala hao walipoanguka, majina yao yalianguka nao na yale ya Kiingereza yakarudi. Kosa lao halikuwa kuondoa majina ya wafalme wa kigeni. Walikosea kudhani kwamba ziwa ni mali ya mwenye madaraka, sawa na walivyodhani wakoloni. Anayetaka mabadiliko yadumu hana budi kuepuka jina jipya la mtawala yeyote, hata awe shujaa wa leo.

Wapo watakaosema kubadili jina ni kufuta historia. Hoja hiyo ina uzito, kwani ukoloni ulitokea na watoto wetu lazima waujue. Lakini historia hufundishwa darasani na kuhifadhiwa kwenye makumbusho. Haihitaji kila ramani imtukuze malkia. Tena, Nalubaale na Nam Lolwe nayo ni historia, na ya zamani zaidi. Wengine watauliza: kati ya majina hayo tuchague lipi bila kuwadharau waliobaki? Jibu ni kutochagua moja tu. Maporomoko ya Mto Zambezi yaliandikishwa na UNESCO mwaka 1989 kwa majina mawili, Mosi-oa-Tunya na Victoria, na watalii wameendelea kufika. Nasi tuandike Nyanza kwanza na Victoria baada yake, huku kila nchi ikitumia pia jina la wenyeji wake kwenye vibao na shuleni.

Gharama nazo zisitutishe. Ramani na vitabu vya shule huchapishwa upya kila baada ya muda. Mabadiliko yaingizwe kwenye matoleo hayo, hatua kwa hatua. Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina tume ya bonde la ziwa hili, yenye makao yake Kisumu. Tume hiyo ianzishe mazungumzo ya jina hili, na iwasikilize kwanza wavuvi na wakulima wa mwambao, maana ndio wanaoishi kwa maji hayo na kuyatunza.