Maoni: Nywele nzuri zinaanzia kwenye sahani

Hapa Kolwezi, na hata kule Nzilo, akina mama wengi wanatumia pesa nyingi kwa dawa za kunyoosha nywele na mafuta ya bei kali. Kwa maoni yangu, tunaanzia pabaya.

Nywele zinatengenezwa kwa protini, nazo zinakua karibu sentimita 1 kwa mwezi. Protini ikikosekana mwilini, nywele zinaumia. Angalieni mtoto mwenye bwaki: nywele zinakuwa nyekundu, nyepesi, na zinang'oka bila nguvu. Hakuna mafuta ya dukani yanayoponya hiyo. Anahitaji kituo cha afya na chakula. Basi bukari isiliwe peke yake. Iende na maharagi, sombe, ndagala ao samaki.

Jambo la pili ni kusuka. Kukaza sana kunang'oa nywele za pembeni ya uso, na mizizi ikishakufa haziote tena. Mtoto akilia wakati wa kusukwa, msusi alegeze.

Wengine watasema urembo ni haki ya mwanamke. Ni kweli. Lakini mwaka 2022, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wanawake waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipata kansa ya kizazi mara mbili na zaidi kuliko wasiozitumia. Hawakusema kwamba dawa ndiyo sababu, lakini onyo linatosha.

Mama, kabla ya kununua chupa nyingine, nunua kwanza kipimo cha maharagi. Watoto pia watafaidika.