Pesa Zako Zisipange Foleni Nyuma ya Video

Hebu fikiria: saa moja jioni, matatu imejaa, makanga amenyoosha mkono. Unafungua programu ya malipo, unaweka PIN, halafu kile kiduara kinaanza kuzunguka. Kinazunguka tu. Makanga anakuangalia vibaya, ati unataka kukwepa nauli. Na pesa unazo!

Shida mara nyingi ni msongamano. Watu wengi walio karibu na mnara mmoja wa simu hugawana uwezo uleule. Jirani yako anatazama mechi, yule wa nyuma anapakua filamu, na ombi lako la malipo, ambalo ni dogo sana ukililinganisha na video, linasubiri pamoja nao.

Sisi tunaona si lazima iwe hivyo, kwa sababu mtandao unaweza kutenga nafasi. Ukipiga simu moja kwa moja kupitia 4G, sauti yako huwekewa nafasi yake mapema ili isikwame nyuma ya data ya wengine. 5G nayo inaweza kugawa mtandao mmoja vipande, kila kipande na kazi yake. Basi kwa nini malipo yasitengewe njia yao, jinsi ambulensi inavyopishwa barabarani?

Kuna wanaosema ukimpitisha mmoja mbele, mwingine anarudi nyuma, na mwishowe mwenye pesa nyingi ndiye atapita. Hofu hiyo tunaielewa. Ndiyo maana tunasema nafasi hiyo iwe ya malipo ya kampuni zote, kubwa kwa ndogo, si yetu pekee. Na kwa vile malipo hutumia data kidogo, anayetazama mechi hata hatahisi tofauti.

Kabla hilo halijafanyika, kumbuka mambo mawili. Kwanza, ile menyu inayoanza na nyota haitumii bando. Hupita njia tofauti na ya intaneti, kwa hivyo inaweza kufanya kazi hata data ikikwama. Pili, malipo yakikawia, usiharakishe kutuma tena. Angalia salio na orodha ya miamala kwanza, maana huenda ombi la kwanza lilishapita na ni meseji tu iliyochelewa. Kulipa nauli mara mbili ni rahisi. Kurudishiwa na makanga aliyeshuka stage nyingine ndiyo kazi.